Usiseme "hii ni ya mtihani tu": kwa mwalimu mpya wa Biolojia

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kupangiwa kituo. Nakuandikia kuhusu mada moja tu, evolusheni, yaani kubadilika kwa viumbe kizazi hadi kizazi, kwa sababu ndiyo iliyonichukua miaka mingi zaidi kujifunza kuifundisha, na kwa sababu najua jaribu litakalokupata utakapoifikia kidato cha nne.

Jaribu lenyewe ni sentensi. Mimi niliisema miaka mitatu mfululizo: "Jamani, hii jibuni hivi kwenye mtihani. Mambo ya imani kila mtu abaki na yake." Darasa linashusha pumzi, wewe unashusha pumzi, ubao unafutwa, mnahamia mada nyingine. Hakuna mzazi atakayekuja ofisini. Nilidhani hiyo ni busara. Nilichokuwa nikiwafundisha hasa ni kwamba kuna mahali katika sayansi ambapo ushahidi hauna kazi, unakariri tu. Na mwanafunzi akishajifunza hilo kwa evolusheni, atalitumia kwa chanjo na kwa dawa ya mgonjwa wake nyumbani.

Ubishi huu ukitajwa, watu huikumbuka Marekani na mahakama zake. Mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha, kinyume cha sheria ya jimbo, kwamba binadamu ametokana na viumbe waliotangulia. Magazeti ya mijini yaliwacheka waliotunga sheria ile, na wengi wakaamini kwamba evolusheni imeshinda. Kumbe wachapishaji wa vitabu vya shule walikuwa wakiipunguza mada kimyakimya, na katika vitabu vingi neno lenyewe likapotea hadi kuelekea miaka ya 1960. Sheria ya Tennessee ilifutwa mwaka 1967. Kwa hiyo kizazi kizima kilisoma Biolojia isiyo na uti wa mgongo, na waliofanikisha hilo hawakuhitaji kushinda hoja yoyote. Ilitosha walimu na wachapishaji wachoke.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Berkman na Plutzer, walichapisha matokeo ya kuwahoji walimu wa Biolojia wa shule za umma za sekondari. Asilimia 28 hivi walikuwa wakiifundisha evolusheni waziwazi na kwa ukamilifu. Asilimia 13 walitetea uumbaji darasani. Waliobaki, kama asilimia 60, walikuwa katikati, wakikwepa. Na mojawapo ya njia zao za kukwepa ilikuwa kuwaambia wanafunzi kwamba mada inatakiwa kwa mtihani, si lazima kuikubali. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa kwetu nusu ya ugomvi ni maneno. Tunafundisha kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu cha mtaani kina mitego miwili. Wa kwanza ni "nadharia". Mwanafunzi anaijua kutoka "nadharia na vitendo": vitendo ni maabara, nadharia ni maneno ya kwenye daftari. Ukisema "nadharia ya evolusheni" bila kutua, amesikia "maneno ya daftari." Tua. Mwambie kwamba katika sayansi nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyopimwa, na kwamba kusema vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa nako ni nadharia, na ndiyo sababu tunanawa mikono.

Mtego wa pili ni "kugeuka". Katika hadithi zetu mtu hugeuka fisi usiku mmoja, na mke wa Lutu aligeuka nguzo ya chumvi papo hapo. Ukisema "sokwe aligeuka mtu", mwanafunzi anaona sokwe anayelala na manyoya akaamka na suruali, na ana haki kukuuliza kwa nini sokwe wa Gombe hawageuki. Mimi husema "kubadilika kwa vizazi". Halafu nachora ubaoni mti wa ukoo: babu mmoja wa zamani sana, matawi mawili, sokwe juu ya tawi moja, sisi juu ya lingine. Binamu yako hageuki kuwa wewe. Na usiruhusu mtu aandike "nyani". Nyani yuko kwenye tawi la mbali zaidi.

Hata sisi walimu tuna kosa letu hapo. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana na Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959, tumelitangaza sana kama la "binadamu wa kwanza". Leo wataalamu wanaliweka kwenye tawi la pembeni lililokatika, ndugu wa mababu zetu. Lirekebishe mwenyewe kabla mwanafunzi mwerevu hajalikuta mahali na kukuona mwongo. Ukitaka nyayo, zipo za Laetoli, zilizochimbuliwa mwaka 1978: viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, takribani miaka milioni 3.6 iliyopita.

Lakini kisa cha Olduvai ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha mwaka 1913. Mjerumani Hans Reck alipata pale mifupa ya mtu kama sisi kabisa, ndani ya tabaka la zamani mno. Kama kweli mtu yule aliishi wakati wa tabaka lile, picha yote ya mabadiliko ya binadamu ingetikisika. Wanasayansi hawakuificha. Walibishana kwa miaka, Louis Leakey mwenyewe akamuunga mkono Reck mwaka 1931. Kisha udongo uliozunguka mifupa ukachunguzwa, ikaonekana ni kaburi: watu wa baadaye sana walichimba kutoka juu wakamzika mwenzao ndani ya tabaka la kale. Leakey akalazimika kurudi nyuma. Baadaye mifupa ilipimwa umri ikapata kama miaka 17,000.

Kisimulie kisa hiki taratibu, hata kikila kipindi kizima. Notisi nyingi utakazokabidhiwa zinapanga uumbaji, kisha mawazo mengine, kisha Darwin na evolusheni yake, kama bidhaa kwenye meza moja ya gulio. Baada ya kisa cha Reck, waulize wanafunzi kuhusu kila wazo: ni kitu gani kikifukuliwa kesho kitatufanya tuliache? Kwa evolusheni wana jibu, wamelisikia sasa hivi. Kwa uumbaji watakaa kimya, kisha mmoja atasema, "Hakuna, Mwalimu, kwa sababu hiyo ni imani." Pokea jibu hilo kwa heshima. Amesema kweli, na hakumdharau mtu.

Wapo watakaokuambia haki ni kufundisha yote mawili sawasawa. Jibu langu ni la ratiba. Shule yetu ni ya umma. Mbele yangu kuna Waislamu, Wakatoliki, Wapentekoste, na watoto ambao bibi zao wanatambikia. Nikianza kufundisha uumbaji kama sayansi, nitafundisha wa nani? Ndiyo maana ratiba ina kipindi cha dini, ambapo kila kundi linakwenda na mwalimu wake anayejua maandiko kuliko mimi. Kipindi changu ni cha vitu vinavyopimika.

Huko Dover, Pennsylvania, bodi ya shule iliamuru mwaka 2004 wanafunzi wasomewe tamko la kuitilia shaka evolusheni na kuelekezwa kwenye kitabu cha "usanifu wenye akili", wazo kwamba viumbe vilibuniwa na mbunifu mwenye akili. Walimu wa Biolojia wakakataa kwa maandishi: kulisoma ni kuwapotosha wanafunzi kwa makusudi. Viongozi wa shule wakaingia madarasani kulisoma wenyewe. Wazazi kumi na mmoja wakaenda mahakamani. Ikaonekana kwamba rasimu za kitabu kile zilikuwa za uumbaji waziwazi, na baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1987, iliyozuia uumbaji kufundishwa kama sayansi katika shule za umma, neno moja likabadilishwa kwa jingine, mambo yakabaki yaleyale. Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua tarehe 20 Desemba 2005 kwamba hiyo ni dini na si sayansi. Mmoja wa mashahidi wakubwa wa upande wa evolusheni, Kenneth Miller, ni Mkatoliki. Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya walimu wale waliokataa. Hawakutoa hotuba, waliandika barua moja.

Mifano tafuta karibu. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria, ikaja SP (sulfadoxine-pyrimethamine), na mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Kwa nini? Kati ya vimelea wengi mno ndani ya damu, wachache walikuwa na tofauti ndogo iliyowaokoa na dawa. Dawa ikaua wengine, wale wachache wakazaana. Hapo umefundisha uteuzi asilia, na mwanafunzi akiuliza "nani anayeteua?" mjibu: hapa ni kidonge. Kisha mpeleke Malawi, walioacha klorokwini mwaka 1993. Baada ya miaka kama kumi, vimelea wasio sugu walikuwa wamerudi kutawala, kwa sababu bila dawa ule usugu haukuwa na faida tena.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ifundishe kwa upole. Darasani mwako karibu hakika yupo mwenye ndugu anayeumwa, na huenda nyumbani wameambiwa ni laana. Binti mmoja aliniuliza: kama ugonjwa huu unaua watoto, kwa nini haujaisha? Nikamweleza kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliyeona kwamba wanaobeba kinasaba hiki ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na ni wachache nyanda za juu, sawasawa na mahali malaria ilipo na isipokuwepo. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye nakala moja ya kinasaba hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria. Mwenye mbili ndiye anayeugua. Binti akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo mama hakukosea kitu." Sikumjibu kwa neno lolote la kitaaluma. Nilisema hakukosea.

Mzazi akija, mpokee. Mjulishe mkuu wa shule mapema, siku unayoanza mada, asishtukizwe. Mwaka nilioacha sentensi yangu, mchungaji mmoja alikuja.

"Mwalimu, nasikia unawafundisha watoto wetu kwamba walizaliwa na nyani."

"Hapana, Mchungaji. Karibu kipindi cha tatu ukae, usikie ninachofundisha."

Akakaa nyuma kabisa, Biblia mapajani. Siku ile wanafunzi walikuwa wameshika furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, likajaa tena, na leo linahesabiwa kuwa na spishi za furu zipatazo 500, wengi wao hawapo kwingine popote. Wanatofautiana taya: wapo wanaosaga konokono, wapo wanaokwangua mwani, wapo wanaokula samaki wenzao. Mwisho wa kipindi mchungaji akasimama. "Hatujakubaliana, Mwalimu. Lakini hukumtukana Mungu wangu." Kisha akauliza kama furu aliokuwa akila utotoni, kabla sangara hawajajaa, watarudi. Nikamwambia baadhi wametoweka kabisa, baadhi wameanza kuonekana tena.

Ukiwa kanda ya ziwa, fika mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, alfajiri, kabla wachuuzi hawajachambua mzigo. Omba furu wa maumbo tofauti, si wa ukubwa tofauti. Wakaushe vichwa kwa chumvi, ufungue koo kwa wembe, na utakuta taya za pili ndani. Za mla konokono ni nene, zina meno butu kama magego. Waweke wanafunzi wawiliwawili kwa kila kichwa, na kabla hujasema lolote kuhusu Darwin waulize samaki huyu alikuwa anakula nini.