Barua kwa Mwanangu: Magharibi Waliingiaje?

Mwanangu mpendwa,

Hapa Tabora hatujambo sote, na mama yako kikohozi kimemwachia. Swali lako la juzi halikuwa la kujibiwa kwenye simu. Umesema mwenyeji wako hapo Perth kakuambia kwamba Australia Magharibi iliwahi kupiga kura ijitoe kwenye nchi, nawe ukauliza: kama hawakuutaka muungano, waliingiaje? Mimi ni mtu wa reli, nitakujibu kwa njia ya reli.

Kabla ya 1901 Australia haikuwa nchi. Yalikuwepo makoloni 6 ya Mwingereza, kila moja na bunge lake, ushuru wake na reli yake. New South Wales walijenga reli ya upana wa milimita 1,435, sawasawa na hii SGR inayojengwa kuja kwetu. Victoria wakaweka 1,600. Queensland 1,067, kama TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia. Basi pale Albury, mpakani mwa New South Wales na Victoria, abiria wa Sydney aendaye Melbourne alishuka na masanduku yake akapanda treni nyingine, na bidhaa zikatozwa ushuru kama zinaingia ugenini. Sisi tuliofanya kazi Kidatu, ambako mzigo huhamishwa kutoka mabehewa yetu kwenda ya TAZARA, tunaijua adha hiyo. Gunia likibebwa mara mbili, gharama nayo inapanda na mwenye mzigo anasubiri.

Wakubwa waliandika rasimu ya katiba mwaka 1891, ikalala. Walioiamsha ni watu wa mpakani wenyewe. Mwaka 1893 walikutana Corowa, mji mdogo kando ya mto Murray, na wakili John Quick akapendekeza wajumbe wachaguliwe na wapiga kura, kisha katiba irudi kwa wapiga kura hao hao waikubali au waikatae. Hapo nawavulia kofia. Muungano wetu, Mwalimu na Mzee Karume walitia saini tarehe 22 Aprili 1964, na tarehe 26 tukawa nchi moja. Siubezi hata kidogo, naupenda. Lakini wenzetu walibishana karibu miaka 10. New South Wales mwaka 1898 kura za ndiyo hazikufika kiwango kilichowekwa. Wakarudi mezani, wakakubaliana mji mkuu uwe ndani ya New South Wales ila usiwe chini ya maili 100 kutoka Sydney, na mwaka 1899 ikapita.

Sasa hao wa kwako. Magharibi walikuwa mbali mno, hakuna reli ya kuwaunganisha na mashariki, na serikali ya waziri mkuu wa koloni hilo, John Forrest, iliogopa kupoteza mapato ya forodha. Kilichogeuza mambo ni dhahabu. Ilipoonekana Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka uliofuata, vijana wa mashariki walimiminika huko, na hao walitaka kuungana na kwao. Wakatishia kujitenga na Perth wawe koloni lao. Julai 1900 magharibi wakapiga kura, wa mwisho kabisa, na zaidi ya nusu ya kura za ndiyo zilitoka migodini. Kwa hiyo, mwanangu, wakulima wengi wa huko waliingia huku wamenuna.

Reli ya kuwaunganisha na mashariki ilikamilika 1917 tu, nayo ikiwa na upana tofauti na ile iliyotoka Kalgoorlie kwenda Perth! Mwaka 1933, njaa ya mdororo wa uchumi imewabana, theluthi mbili walitaka kutoka. Bunge la London likakataa ombi lao 1935. Treni ya kwenda Perth kutoka Sydney bila kubadilisha njiani ilianza 1970, miaka karibu 70 baada ya sherehe za muungano.

Mwenyeji wako muulize pia habari za Waaborijino. Katiba ile ile niliyoisifia iliamuru wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi, wao wenye ardhi. Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni mwaka 1967, na zaidi ya asilimia 90 walikubali. Hilo linaniuma kuliko habari zote za reli, na ningependa usikie linavyosimuliwa na wao wenyewe, kisha uniandikie.

Mama anakusalimu. Anauliza kama unapata unga.

Baba yako