Ukipewa namba kubwa, uliza kwanza kigawo chake kina sura gani

Nyie mnaoanza somo la namba, hasa mnaosoma huku mnajifunza kuandika programu, chukueni 4294967297 mkae nayo, mjiulize: ni tasa au si tasa? Ni 2 kwa kipeo cha 32 ukajumlisha 1. Ni witiri, haiishii na 5, tarakimu zake ukizijumlisha unapata 59 kwa hiyo 3 haiingii, 7 haiingii, 11 na 13 nazo hola. Mi nilipokuwa mwaka wa kwanza nikagawa hivohivo mpaka mia mbili na kitu, mkono ukachoka, nikaandika "ni tasa" nikapeleka. Mwalimu akaniuliza swali moja tu, umegawa mpaka wapi?

Na kweli, kama namba si tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Cha hii ni kama 65536, na chini ya hapo kuna namba tasa 6542, sasa wewe umejaribu arobaini hivi unasema umemaliza? Pierre de Fermat, mtu aliyekuwa mkali kweli wa namba, mwaka 1640 aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila moja ukijumlisha 1) zote ni tasa akaamini na inayofuata, yani hii yetu, ni tasa pia. Tano zimekubali, ya sita ikagoma. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha 641 inaingia.

Sasa hapa ndo pa kukaa. Euler hakuhitaji kugawa zote 6542, alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Anza kuhesabu: 65 si tasa, 129 si tasa, 193 ni tasa, halafu 257, 449, 577, 641. Majaribio matano tu!

Na kuhakiki huhitaji kalkuleta, biro inatosha, unabeba baki tu. 256 ni 2 kwa kipeo cha 8, 256 mara 256 ni 65536, yani 2 kwa kipeo cha 16, toa 641 mara 102, inabaki 154. 154 mara 154 ni 23716, toa 641 mara 36, inabaki 640. Hiyo ndo baki ya 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1 unapata 641 yenyewe, imeingia bila salio. Kigawo kingine ni 6700417, nacho tasa. Siku ya kwanza nilipoiona hii nilirudia mara tatu kwa raha tu.

Wa programu, angalieni aina ya data. Hii namba ukiiweka kwenye nafasi ya biti 32 inayobaki ni 1, kwa hiyo programu itakujibu kuhusu 1 wakati wewe unadhani inaongelea bilioni nne, tumia biti 64.

Ukiiweza hii, nenda kwenye 2 kwa kipeo cha 64 jumlisha 1, kigawo jaribu 274177, beba baki vilevile, na kabla ya kujumlisha ile 1 ya mwisho unatakiwa uwe na 274176 mkononi.