Kipimo cha unyevu ghalani: usikitundike ukutani

Mkuu, umeuliza hicho kipimo kidogo cha joto na unyevu ulichonunua ukitundike wapi ghalani, maana unaweka magunia themanini ya mahindi. Usikitundike popote. Ukutani kitakusomea hewa, na wewe hukununua hewa.

Mimi nanunua mahindi Mlowo, Mbozi. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi mno, mwezi wa tano mwishoni, wakulima wanataka hela na mimi nataka bei ya chini. Mahindi nilikuwa nayapima hivi: najaza nusu mfuko wa plastiki, natumbukiza kipimo, nakamua hewa, nafunga, nasubiri nusu saa kivulini. Njia hiyo ni sahihi, hata leo naitumia. Punje zinaachia unyevu hadi hewa ya mfukoni ilingane nazo. Unyevu wa hewa hiyo ukisoma asilimia 65 kushuka chini, mahindi yenyewe yana unyevu wa kama asilimia 13, weka. Yangu yakasoma 64. Nikapanga, nikafunika nailoni juu.

Kumbe kipimo chenyewe kinadanganya. Nilikuja kukijaribu baadaye sana: chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo ilowe bila kuyeyuka yote, weka pamoja na kipimo kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 68. Ina maana ile 64 ilikuwa 71! Nimekibandika selotepu iliyoandikwa "ongeza 7", tunaendelea nacho.

Sasa baridi ya Mbozi ya Juni na Julai mnaijua. Katikati ya rundo kukipata joto, mvuke unapanda, ukikuta ubaridi juu unageuka maji. Siku niliyofunua ile nailoni, upande wa chini ulikuwa na matone kama mfuniko wa sufuria ya wali. Magunia manne ya juu punje zimeshikana mabonge, zina ukungu wa kijani. Muda wote huo kipimo cha joto ukutani kilisema 20, 21, shwari kabisa.

Jamaa mmoja akataka kuyanunua yale manne akawape kuku. Nikakataa, nikayafukia. Sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, haitoki kwa kuanika wala kupika, na kuku inawaua pia. Mwaka 2016 watu walikufa kwa hiyo sumu Dodoma na Manyara.

Siku hizi nina nondo ya mita moja na nusu. Kila Jumamosi asubuhi naipenyeza kati ya magunia hadi moyoni mwa rundo, naiacha dakika ishirini, nachomoa na kugusa ncha yake kwa kifundo cha mkono. Kama kipimo chako kina waya wenye kichwa cha kupimia, bora zaidi, kizike humo na uandike daftarini. Namba moja peke yake haikuambii kitu. Ukiona moyo wa rundo unapanda wiki hadi wiki na nje hakupandi, kuna kinachopumua humo, fukusi au ukungu. Chukua bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchomea gunia, toa sampuli, nusa. Kisha pangua, anika, hata kama vibarua watakununia.

Hujasema kama chini umeweka chaga za mbao au magunia yanalala sakafuni. Na kabla hujapanga, kijaribu kipimo chako kwa chumvi leo usiku, kesho uweke hapa kilichosoma.