Dewakan au nasi lemak ya kibandani?
Ndugu, umeuliza kama Dewakan, ule mgahawa wa Kuala Lumpur, ni chakula halisi cha Malaysia au mbwembwe tu za matajiri. Ni halisi. Mpishi Darren Teoh aliifungua 2015 akiegemea mazao ya mashamba, bahari, milima na misitu ya huko huko; mwongozo wa migahawa wa Michelin wa 2024 ukaipa nyota 2. Ila bei si mchezo, na sahani zinakuja moja moja, mpishi ndiye anayepanga. Kama hujaonja nasi lemak ya kibandani, yaani wali wa nazi unaonukia majani ya pandani, sambal (rojo la pilipili) inayochoma, dagaa wa kukaanga hadi wakauka na karanga, vyote ndani ya jani la mgomba, basi anzia hapo asubuhi. Dewakan usiku, na uweke nafasi mapema.