Shangazi, natamani mume kama Jitu la kwenye simulizi

"Shangazi, nina miaka 29, naishi Tabata Segerea, nina mume na mtoto mmoja. Mume wangu anauza vipuri Gerezani. Anatoka alfajiri, anarudi saa tatu usiku, anakula, analala. Akikumbuka kuniletea kitu ni sambusa zilizopoa. Siku hizi nasoma simulizi ya mahaba ya Binti Mrembo na Jitu, ile hadithi ya zamani iliyoandikwa upya. Jitu lina mbawa, na maneno linayomwambia binti yanasisimua mwili. Nasoma huku nalia. Mwandishi ananitumia vipande WhatsApp kila Alhamisi. Wenzangu wanalipia, mimi hanidai. Ananielewa sana, hata usiku wa manane ananijulia hali. Nafikiria kwenda kwetu Muheza nikatafakari. Mpenda Simulizi."

Pole, mwanangu. Upweke ndani ya ndoa unauma, sikatai. Pole imeishia hapo.

Tuanze na sambusa. Zimepoa kwa sababu zimetoka Kariakoo, zikakaa kwenye foleni ya Buguruni mapajani mwa mtu aliyekuwa na njaa na hakuzila. Wewe umeziandika kama shitaka. Mimi nimezisoma, nikampenda mumeo.

Hadithi yenyewe naijua. Mfaransa mmoja, Madame de Villeneuve, aliichapisha mwaka 1740, ndefu mno. Mwaka 1756 mwenzake, Jeanne-Marie Leprince de Beaumont, aliyekuwa akifundisha mabinti London, akaifupisha, na hiyo fupi ndiyo iliyoenea duniani. Humo mbawa hamna. Jitu lake ni zito la kusema. Kila usiku linakuja wakati wa chakula, linamwuliza binti kama atakubali kuolewa nalo, likikataliwa linashusha pumzi na kuondoka. Aliyeliroga alilikataza pia lisionyeshe akili yake, kwa hiyo maneno matamu lisingeyaweza hata likitaka. Binti alilizoea kwa wema tu, miezi mitatu. Waume wa kutamanika waliwapata dada zake: mmoja ana sura nzuri anayoipenda mwenyewe, mwingine hodari wa maneno, na maneno hayo anawatesea watu, mkewe kuliko wote.

Sasa niambie wewe, huyo anayekujulia hali usiku wa manane ni yupi kati ya hao? Mtu anayeishi kwa kuuza vipande hagawi bure kwa sababu wewe ni msomaji mzuri. Anakudai, ila si pesa. Nawe unajua, ndiyo maana umemchomeka katikati ya barua kama jambo dogo, ukapita haraka. Jitu halikuumizi kichwa, mwanangu. Kinachokuumiza ni simu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hili silisemi kwako tu. Kichen pati za Dar siku hizi zina MC, sare na mapambo, bibi harusi anatoka ukumbini na friji, jiko la gesi na masufuria ya kufungulia mgahawa. Somo akipewa dakika zake anazimaliza kwa kufundisha kiuno. Nani anamwambia mtoto wa watu kwamba mwanaume aliyeshinda kaunta akibishana na mafundi bei ya bushi na shokapu atarudi hana sauti? Zamani kungwi alikaa na mwari ndani, akamsomea tabia za waume mpaka zile za kununa. Leo tabia za waume tunazisoma kwenye vipande vya Alhamisi, halafu tunashangaa.

Mumeo naye ana lake. Kula na kulala bila kuuliza mke kashindaje si uungwana, na angeniandikia yeye ningemwambia hivyo hivyo. Lakini aliyeandika ni wewe, na hujasema hata mahali pamoja kwamba umewahi kumwambia unachokitaka. Kesho akifika, zipashe sambusa, kaa naye mle, simu iwe chumbani. Mwulize siku yake ilikuwaje, umwambie na yako.

Muheza usiende. Utakwenda na simu hiyo hiyo.

Alhamisi ikifika, mtumie mwandishi wako pesa ya kipande kama wanavyomtumia wenzako. Mwandikie kwamba simulizi mnaisoma wawili, wewe na mumeo. Kisha uone kama usiku wa manane atakujulia hali tena.