Kibaraza cha bibi, Mtaa wa Kongo

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni mtaa gani wa maduka umebaki kichwani mwako japo wenyewe umeshageuka, na kitu gani hasa unakikosa. Nimelisoma mara mbili nikasema hili langu kabisa, manake mi nimekulia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, Dar es Salaam, na mpaka leo nikipita pale macho yanaanza yenyewe kutafuta nyumba yetu wakati najua kabisa haipo.

Nimezaliwa 1974 na nimelelewa na bibi mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya Kiswahili kama karibu zote za mtaa ule, vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati unakupeleka moja kwa moja mpaka uani kwenye jiko na choo na mwarobaini, na mbele kibaraza cha sementi. Bibi analala chumba cha kwanza kulia, kile cha kushoto kinachotazama barabara alimpangisha Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, akatoboa mlango wa nje akafanya duka, huko nyuma wapangaji wengine na sisi wajukuu. Kwa hiyo duka na nyumba vilikuwa kitu kimoja, asubuhi unatoka na mswaki mdomoni unakuta wateja wa mkate wa boflo wameshajaa pale mbele na wote unawaamkia shikamoo mmoja mmoja, ukimruka mmoja bibi anakuita urudi.

Bibi hakuwahi kusema Mtaa wa Uhuru. Kwake ni Kichwele mpaka anaingia kaburini, na Lumumba ni Nyu Striti, na akikwambia TANU ilizaliwa Nyu Striti 1954 anakwambia kama vile kazaliwa mtoto wa jirani na yeye alipeleka uji. Hata jina la Kariakoo alinieleza yeye kabla ya mwalimu, kwamba Waingereza walipoichukua Dar 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, na watu wakalitamka walivyoweza. Soko lile kubwa la ghorofa lenye paa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, kazi ya msanifu wetu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, mi mwaka mmoja, bibi anasema alinibeba mgongoni kwenda kulitazama.

Sasa kile kibaraza. Pale alikuwa anakaa fundi charahani mmoja Mmanyema, hana chumba hana fremu ya duka, ana cherehani yake ya miguu tu na benchi, asubuhi anaitoa ukumbini kwetu jioni anairudisha, kodi yake ni kumshonea bibi bure. Kazi yake kubwa ilikuwa kukunja pindo za khanga. Kongo na Uhuru ndo kulikuwa nyumbani kwa khanga, watu wanatoka Rufiji, Kisarawe, Bagamoyo huko wanakuja kununua, na khanga ukiinunua inakuja doti nzima, yaani vipande viwili vimeungana, lazima ukate katikati na ukunje pindo, kwa hiyo wanawake wanatoka dukani wanakuja moja kwa moja kibarazani kwetu wanakaa kwenye mkeka wanasubiri. Na wakisubiri wanaongea. Nani kaolewa, nani kaachwa, meli ya kwenda Mtwara imeondoka au bado, bei ya nazi. Mi nilikuwa naokota vile vipande vya nyuzi navisokota navifanya nywele za mwanasesere, na masikio yangu yako juu, mambo mengi ya watu wazima nimeyajulia pale kuliko popote.

Bibi alisoma chuo, yaani madrasa, herufi za Kiarabu anasoma bila shida na barua zake zote anaandika kwa hizo, lakini majina ya khanga, yale maneno yaliyochapwa juu yake, yameandikwa kwa herufi za kizungu hizi. Kwa hiyo tangu nilipojua kusoma nikiwa darasa la pili kazi yangu ikawa kumsomea khanga. Tunaingia duka la Mhindi mmoja Mbohora, mzee mpole sana, anavuta doti moja moja anaitandaza juu ya meza, mi nasimama kwenye kreti la soda nasoma kwa sauti dukani wote wanasikia, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, bibi anafikiri kidogo anasema hiyo ya mama nanihii, mtoto wake wa kiume hajapata kazi. NANI KAMA MAMA, hiyo nipe mbili. MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, hapo bibi anatikisa kichwa, anasema rudisha, hiyo nikimpelekea mtu atadhani nimemsema. Rangi nzuri kabisa, nyekundu na nyeusi, anairudisha kwa ajili ya jina. Nilijifunza pale kwamba zawadi ya khanga ni barua, na ukikosea barua unavunja ujirani wa miaka 20.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini ilikuwa migumu nisije nikaonekana nasifia tu. Vita vya Kagera vimeisha nchi haina kitu, sukari foleni, sabuni foleni, khanga yenyewe foleni, watu wanapanga mawe kwenye mstari usiku halafu wanakwenda kulala, asubuhi kila mtu anasimama kwenye jiwe lake. Mara nyingi jiwe letu nililiweka mimi. Ilipofika 1983 kwenye ile vita ya wahujumu uchumi, serikali inawasaka walioficha na kulangua bidhaa, maduka mengi ya Kongo yalifungwa milango mchana kweupe, usiku tunasikia mikokoteni inapita, na asubuhi tunasikia kuna watu wametupa mali yao wenyewe kwa woga. Bibi alituzuia kutoka. Halafu bidhaa zikaanza kuruhusiwa kuingia, 1985 akaja Mzee Mwinyi kuwa rais, watu wakamwita Mzee Ruksa, na mtaa ukafunguka kama mtu aliyekuwa ameshika pumzi. Mitumba, raba, redio za kaseti, yale magari ya abiria tukiyaita chai maharage yanashusha watu Msimbazi kutwa nzima. Usiku wa mwezi kuandama Kongo haipitiki, taa za kandili na karabai, bibi ananishika mkono kwa nguvu mpaka unauma, tunatafuta viatu vya Idi vya kwenda navyo Mnazi Mmoja kwenye pembea. Mi nikilala navyo kitandani.

Hapo ndo bibi akaanza biashara yake. Anachukua kwa yule mzee Mbohora doti 20, 30, kwa mali kauli, yaani unachukua mzigo kwa ahadi ya mdomo unalipa ukishauza. Vijana wa leo mali kauli wanaijua kwa jina, ila ile ilikuwa kauli kweli, hakuna karatasi hakuna sahihi hakuna picha ya kitambulisho, anazibeba kwenye fuko anakwenda Buguruni, Temeke, Mtoni, na yeye huko anawagawia wanawake kwa mali kauli hiyohiyo, wanamlipa kidogo kidogo, mwisho wa mwezi anamrudishia mzee pesa yake. Kichwani mwake tu. Sisi hatujui kampa nani.

Bibi alifariki 1997. Asubuhi ile fundi hakufungua cherehani. Mshihiri akafunga duka, yule Mbohora akafunga mlango mmoja akaacha mmoja mpaka maiti ilipotoka kisha naye akafuata kwa miguu, wauza kahawa wakamwaga kahawa yao bure kwa waliokaa msibani, mkeka ulitoka kibarazani kwetu ukavuka ukafika mbele ya nyumba ya tatu. Kwenye mazishi mjomba akatangaza kama kawaida, anayemdai marehemu aje kwa warithi. Hakuja mtu. Ila kuanzia siku ya tatu wakaanza kuja wanawake ambao hatujawahi kuwaona maishani, mmoja kutoka Mtoni, wawili Buguruni, mmoja alikuja na mtoto mgongoni amepanda basi mbili, kila mmoja anafungua pindo la khanga yake anatoa pesa, anasema mama alinipa doti mbili, nilibakiza hii. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba wanadaiwa. Wangekaa kimya yangeisha. Mjomba alizikusanya akazipeleka dukani kwa mzee, mzee akazihesabu akasema zimezidi, akarudisha iliyozidi.

Hicho ndo ninachokikosa, mmeuliza kitu gani hasa, ni hicho. Maduka yapo, tena saivi ni mengi kuliko wakati wowote, mali inatoka China na Uturuki na Dubai, watu wa Zambia, Malawi, Kongo yenyewe wanakuja kubeba mizigo, na sioni ubaya wa mtu kupata riziki. Ila mtaa wa zamani ulikuwa na watu wanaolala pale. Anayekuuzia unajua mkewe, unajua mtoto wake anaumwa kikohozi, na yeye anajua bibi yako kafa saa ngapi. Saivi ikifika usiku mageti ya chuma yanashuka, kila mtu anakimbilia basi la mwendokasi arudi Mbezi au Kimara, na Kongo wanabaki walinzi.

Ilikwendaje, nyumba zilikwenda moja moja. Yetu tulikuwa warithi 11, na nyumba ya urithi Kariakoo mnajua wenyewe, kiwanja thamani yake kinapanda kuliko mapenzi ya ndugu. Akaja mnunuzi na pesa mkononi, wengine wakataka kuuza, wengine wakataka tujengewe ghorofa tupewe fremu, miaka minne ya vikao na maneno, mwisho ikauzwa. Mi nilisaini. Sikulazimishwa na mtu, mwanangu alikuwa anataka ada, na kila siku nafikiria ile sahihi. Baada ya miezi michache mwarobaini ukakatwa, likapanda ghorofa, chini fremu hadi chini ya ngazi, na ukitaka fremu kuna kodi na kuna kilemba, pesa ya kuingilia, juu yake, mtu kama yule fundi wa benchi moja hana pa kuanzia.

Soko lilipoungua Julai 2021 nililia mbele ya tv, wanangu wakashangaa. Na lile ghorofa lililoanguka Kariakoo Novemba 2024, Mtaa wa Mchikichi, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengine wakawa wanaongea kwa simu kutoka chini ya kifusi, jamani, mi sikulala siku ile. Nilikuwa nawaza wale waliokuwa mle ndani nani anajua majina yao wote, nani pale mtaani anaweza kusema fulani alikuwepo asubuhi na sasa simuoni. Zamani bibi angekaa kibarazani akawahesabu kwa vidole.

Binti yangu ananunua Kariakoo kwa simu. Anatumiwa picha, analipa, bodaboda inaleta. Mwaka jana karibu na Idi nikamwambia twende, nikuoneshe. Tukashuka Msimbazi tukaingia Kongo, mawinga, hawa madalali wa barabarani, wanatuvuta dada karibu, mama karibu, nikupeleke duka la jumla, miavuli ya wamachinga imebanana mpaka katikati ya njia. Nikaanza kuhesabu kutoka kona, mlango wa kwanza, wa pili, maana kwa sura sitambui kitu. Nilipofika nikamwambia ni hapa, hapa palikuwa kibaraza. Pamewekwa meza ya kava za simu na chaja. Binti akatazama juu, ghorofa saba, akasema mama una uhakika? Nikamwonesha mkondo wa maji ya mvua kwenye barabara, ule haujahama, pale ndo fundi alikuwa akitupa vipande vya nyuzi na bibi anamgombeza.

Nadhani nilisimama sana. Kijana mwenye meza alitoka nyuma akavuta stuli ya plastiki akaipangusa na mkono, akasema mama kaa upumzike kidogo jua kali. Hakuniuliza nanunua nini. Nikakaa, mgongo ukutani, natazama barabara upande uleule bibi aliokuwa akitazama, binti yangu amesimama pembeni ameshika mifuko. Nikamuuliza kijana jina lake na kwao wapi, akanambia, kwao Singida, mama yake mgonjwa wa miguu. Tuliongea mpaka adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikamuaga, nikamwambia mpe mama pole, mwambie ametumiwa na jirani.