Mkuu, futa hicho kikao cha Jumamosi

Kamera weka usiweke, kiapo bandika usibandike, hayo baadaye. Mimi nimekwama kwenye aya ya mwisho ya swali lako.

Umeandika una wafanyakazi tisa kwenye duka lako la vipuri vya pikipiki Ngamiani hapa Tanga, unataka ujenge uadilifu kazini. Ukauliza kamera, ukauliza karatasi ya maadili, ukauliza bonasi, ukauliza na kukata mishahara ya wote tisa kufidia hasara. Halafu huko chini kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukasema binti wa kaunta amekunong'oneza nani anachota mali, na Jumamosi utawaweka wote tisa "tuyamalize uso kwa uso, kwa uwazi".

Usifanye. Futa. Waambie una harusi Muheza, waambie tumbo linakuuma, waambie chochote.

Mimi nilifanya, mwaka 2017. Nilikuwa na ghala la vifaa vya ujenzi njia ya kwenda Pongwe: saruji, nondo, mabati, misumari. Watu kumi na mmoja. Saruji hapa Tanga inapikwa mlangoni kwetu, kila mwenye Fuso anauza, kwa hiyo faida ya mfuko mmoja ni ya kuchekesha. Unaishi kwa wingi. Mfuko mmoja ukipotea unahangaika na wateja wengi ndiyo urudi pale ulipokuwa.

Nilikuwa na kijana wa kuandika mzigo, kamaliza kidato cha nne, mkimya, anakuja na baiskeli kutoka Makorora. Jioni moja wenzake wameenda kunawa, akaniambia, "Bosi, naomba nikuonyeshe kitu." Akanizungusha nyuma ya ghala, pale tulipokuwa tukitupa mifuko iliyochanika. Kwa asiyejua biashara hii: mfuko ukichanika, saruji inazolewa, inauzwa kwa bei ya hasara kwa mafundi wa matofali, na mfuko wenyewe unatupwa nyuma. Kijana akalisogeza lile rundo kwa mguu, akahesabu kwa kidole ya wiki ile. Mitatu. Kisha akafungua daftari la stoo. Wiki ile imeandikwa imechanika kumi na mmoja.

"Saruji ikichanika inaacha ganda, bosi. Maganda manane yako wapi?"

Mkuu, mimi nina biashara tangu sijaota ndevu, na lile rundo nalipita kila siku nikienda kujisaidia. Sijawahi kuliona. Mifuko minane kwa wiki, saruji ikiwa inacheza kwenye elfu kumi na moja, ni elfu themanini na nane kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52. Ni milioni nne na nusu na ushee kwa mwaka, na hiyo ni saruji tu.

Sasa hapo nilikuwa nimeshika dhahabu mkononi. Kulikuwa na mtu mmoja kwenye ghala langu anayeona, anayejua kuhesabu, na aliyeniamini kiasi cha kunionyesha. Hicho ndicho unachokitafuta wewe kwa kamera, na wewe tayari unacho, yuko kaunta anauza plagi.

Nikafanya nini? Nikampigia mtaalamu.

Huyu mtaalamu, simtaji, alikuja na basi asubuhi akaondoka na basi jioni, waja leo waondoka leo kweli kweli. Wiki mbili kabla ya hapo nilimlipa laki sita atufanyie semina ya maadili kazini. Akala pilau yangu, akagawa kalamu, akatuchorea mduara na mishale, akatuachia bango: UADILIFU NDIYO NGUZO YETU. Nikampigia nikamweleza habari ya maganda. Akanijibu bila hata kumeza mate: "Uwazi, mzee wangu. Waweke mezani. Taasisi yenye uadilifu haina siri." Laki sita! Fundi baiskeli wa Barabara ya 12 angenipa ushauri bora kwa kikombe cha kahawa. Mtu hajawahi kulipa mshahara wa mtu hata mmoja, hajawahi kulala na deni la saruji, ananifundisha mimi uwazi. Na mimi, kwa kuwa anaongea vizuri na amevaa koti kwenye joto la Tanga, nikaamini.

Jumamosi nikawaita. Nikasimama, nikasema, na maneno haya nayakumbuka kuliko ya ndoa yangu: "Kijana wetu hapa amegundua jambo kuhusu mifuko, naomba alieleze mbele ya wote."

Kijana akanitazama. Sijui nikuelezee vipi ule mtazamo. Ni kama mtu uliyembeba kwenye baiskeli, katikati ya daraja ukamwambia shuka.

Mzee wa stoo alikuwa amekaa chini ya lile bango, shati lake la kazi amelitundika kwenye msumari wa bango lenyewe, linafunika neno "nguzo". Miaka minane tuko naye, amebeba jeneza la mama yangu. Hakukasirika hata. Akasema taratibu, "Sawa bosi. Tukianza kuhesabu yaliyochanika, basi tuhesabu na risiti ambazo hatutoi." Wote wakacheka. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, iko pale mezani, imefunikwa kitambaa kama televisheni ya bibi. (Ndiyo, nilikuwa nauza baadhi bila risiti. Sikusema mimi malaika. Hilo lina uzi wake, msinirukie hapa.)

Kikao kikaishia hapo. Wewe unadhani utatoka na ukweli? Unatoka na watu tisa waliojifunza kitu kimoja: ukimwambia bosi, bosi atakutaja.

Kilichofuata kwa yule kijana nakueleza kidogo tu, kwa sababu hata kuandika kunanipa aibu. Walikuwa wanakula sinia moja mchana. Kuanzia Jumatatu sinia ikawa inajaa kabla hajafika. Wakambatiza "Takukuru", jina la taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Kila jioni akikuta baiskeli imetolewa upepo matairi yote mawili, anaisukuma kwa miguu mpaka Makorora. Eti anawachomea wenzake utambi. Akanifuata mara moja kuniambia. Nikamjibu "vumilia, watazoea". Wiki ya tatu akaja na daftari na funguo, amezifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akaviweka mezani, akaomba hesabu yake ya siku alizofanya. Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini ghalani kwangu alikosa hata mtu wa kula naye.

Na wizi? Mifuko haikuchanika tena, nikajisifu nimeshinda! Nikampigia yule mtaalamu kumshukuru, cheka tu. Kumbe wamehamia kwenye nondo. Fuso limeandikiwa nondo 80 za milimita 12, linatoka na 84. Nani atazihesabu barabarani? Miaka miwili hakuna aliyefungua mdomo. Mwaka 2019 nikahesabu ghala zima kwa mara ya kwanza na mtu wa nje: pengo la milioni 19. Nikamuuliza dada wa fedha, ambaye anakaa dirisha linalotazama geti, "Hujawahi kuona kitu?" Akanyamaza, halafu akasema, "Niliona, bosi. Lakini na yule kijana nilimwona."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonigharimu milioni 19. Wezi wenyewe walikuwa wawili, labda watatu. Hao wengine wanane walikuwa watu wema walionyamaza, na nyumba niliyowanyamazishia niliijenga mwenyewe siku ile ya kikao.

Ujinga haukuishia hapo, ila hili nalipita mbio. Kwa hasira nikamfukuza mzee wa stoo palepale, kwa mdomo, mbele ya wateja. Akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wale wanaoamua migogoro ya kazi. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtu apewe tuhuma zake, apate angalau saa 48 za kujiandaa, aje na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, ajitetee. Mimi sikuwa na hata karatasi moja. Wakati ule fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali ilikuwa haipungui mshahara wa miezi 12. Tukapatana kwenye usuluhishi, lakini nililipa. Mwizi ameniibia, nami nikamlipa nauli. Na wewe hilo wazo lako la kukata mishahara ya wote tisa kufidia, achana nalo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu kumkata aliyesababisha hasara kwa kosa lake, umwandikie kiasi na sababu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kuwakata tisa kwa kosa la mmoja ni kuwafundisha hao wanane wajirudishie chao.

Basi kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: habari itumie, mleta habari mfiche. Mtu asionekane kabisa, daftari ndilo liseme.

Kwa vitendo iko hivi. Binti wa kaunta mwite leo kwa sababu nyingine kabisa, mwambie asante, mwambie jina lake halitatoka mdomoni mwako, wala kwa mkeo, wala kwa shemeji yako anayesimamia duka. Kisha kaa kimya. Usimwangalie mtuhumiwa kwa jicho baya, usimpandishe binti cheo wiki ileile, watu wanasoma kalenda. Halafu tengeneza utaratibu unaomkamata yeyote, wala haumwelekei mmoja. Ingekuwa mimi kwenye mifuko, ningesema tu: kuanzia mwezi huu, hakuna mfuko unaoandikwa umechanika bila ganda kuletwa ofisini. Basi. Mzee wa stoo asingejua hata aliyeanzisha. Kwako ni vipuri: ukibadilisha cheni ya mteja, ile kuukuu na boksi la mpya virudi kaunta. Kila Jumatatu chagua aina tano za vipuri bila kutangaza, zihesabiwe na mtu asiyezishika. Anayeagiza asiwe anayepokea.

Na likizo! Hapa nashuka pembeni kidogo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kila mwaka. Mzee wangu wa stoo katika miaka yote niliyokuwa naye hakuchukua hata moja. Nilikuwa namsifu msikitini: "Huyu mtu ana moyo na kazi." Moyo gani! Akiondoka wiki moja, anayeshika daftari lake angeyaona yote. Angalia kwako nani hataki kupumzika.

Turudi kwa mleta habari. Hata serikali inajua lazima alindwe, ndiyo maana kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Na ukiona mambo yamefika kwenye rushwa ya kweli, siyo plagi mbili, TAKUKURU wana namba ya simu 113, hailipiwi.

Sasa hivi nina ghala dogo, watu sita. Ukutani hakuna bango. Mwezi uliopita mpakiaji mmoja alinipigia simu saa nne usiku, akanipa habari fulani ambayo hapa siiandiki, mnaweza mkawa mnafahamiana. Nilibadili namna ya kupokea mzigo Jumatano iliyofuata, nikasingizia bima. Kila mtu analalamika kuhusu bima. Mpakiaji naye analalamika, tena kwa sauti kuliko wote.

Yule kijana nilikutana naye mwaka jana nje ya uwanja wa Mkwakwani, ana kibanda chake cha vocha na kutengeneza simu. Nilimwomba radhi. Akanijibu "yamepita, bosi", akanirudishia chenji yangu ya mia mbili, akaihesabu mara mbili.

Leo Alhamisi, mkuu, una siku moja na nusu. Kuhusu bonasi nimesahau uliuliza nini hasa, na kuhusu kamera kuna mwenzangu hapo juu kaeleza bei. Nikitoka Ijumaa kesho nitasoma tena uzi wako. Ila nijibu kwanza: kikao umekifuta?